Meneja wa Mabondia: Maisha ya Cus D'Amato

Huenda umewahi kukaa bandarini Nansio ukingojea meli ya Mwanza, ukawasikia watu wakibishana juu ya ndondi. Mmoja anamsifu Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Mwingine anamtaja Titus Simba, Mtanzania aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Watu hubishana juu ya mabondia. Ni mara chache sana kumsikia mtu akimtaja meneja.

Katika kitabu hiki utasoma habari za meneja mmoja. Jina lake ni Cus D'Amato. Jina hilo hutamkwa Kas Damato. Aliishi Marekani, akafa mwaka 1985. Hakuwahi kuwa bingwa wa ndondi. Lakini vijana 3 waliopita mikononi mwake walikuwa mabingwa wa dunia. Alitenda mema mengi, na pia alikosea. Soma habari zake polepole, kisha upime mwenyewe.

1. Meneja hufanya kazi gani?

Bondia wa kulipwa hupigana ili apate fedha. Lakini bondia huwa mazoezini. Hana nafasi ya kutafuta mpinzani, kupatana bei, kusoma mkataba na kuhesabu mapato. Kazi hizo hufanywa na meneja. Meneja huchagua bondia wake apigane na nani, lini na wapi. Kwa kazi hiyo hulipwa sehemu ya fedha za bondia.

Katika jiji la New York, zamani za D'Amato, sheria ilimruhusu meneja kuchukua hadi theluthi moja. Mwalimu wa ngumi kwa desturi alipata sehemu moja ya kumi. Hebu tufanye hesabu. Tuseme bondia amepata shilingi 900. Meneja anachukua 300. Mwalimu anachukua 90. Bondia anabaki na shilingi 510. Kutoka katika hizo atalipa chakula, dawa na kodi. Na makonde yote ameyapokea yeye peke yake.

Sasa fikiri. Kama bondia huyo hajui kusoma wala kuhesabu, na meneja wake si mwaminifu, itakuwaje? Ataweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Ataambiwa amepata 500, kumbe zililipwa 900. Mabondia wengi wa zamani waliibiwa hivyo. Walipigana miaka mingi, wakazeeka maskini, na wengine wakawa vipofu. Kwa hiyo unaona kwamba maisha ya bondia yanategemea sana uaminifu wa meneja.

2. Utoto wa Cus

Cus D'Amato alizaliwa tarehe 17 Januari 1908 katika mtaa wa Bronx, jijini New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Baba yake aliuza barafu. Siku hizo watu hawakuwa na majokofu ya umeme, kwa hiyo mzee alipita mitaani na farasi na gari, akipeleka mabonge ya barafu nyumba kwa nyumba. Mama yake Cus alifariki wakati Cus akiwa bado mtoto mdogo.

Mtaa ule ulikuwa wa watu maskini, na ugomvi ulikuwa mwingi. Katika ugomvi mmoja Cus aliumizwa jicho, na tangu hapo jicho hilo halikuona vizuri. Alipenda ndondi kuliko kitu chochote, lakini mtu mwenye jicho moja bovu hawezi kuruhusiwa kupigana ulingoni. Ndoto yake ya kuwa bondia ikaishia hapo.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alikaa siku kadhaa bila kula kwa makusudi. Hakuwa akifunga kwa ajili ya dini. Alitaka kujua njaa ni nini, ili mtu asije akamtisha kwa njaa siku nyingine. Kumbuka habari hiyo. Itakusaidia kumwelewa mtu huyu baadaye.

3. Ngazi ndefu

Kwa kuwa hakuweza kupigana, Cus aliamua kufundisha. Akiwa kijana wa miaka ya 20 na kitu, yeye na mwenzake walifungua chumba cha mazoezi katika Barabara ya 14, New York. Watu walikiita Gramercy Gym. Hakikuwa mahali pa fahari. Kilikuwa juu ghorofani, na ili kufika ilikupasa upande ngazi ndefu zenye giza. Cus alilala humo humo, juu ya kitanda kidogo, na mbwa wake akimlinda.

Ngazi zile zilimsaidia kuwajua vijana. Kijana aliyeletwa na baba yake au na marafiki hakumshangaza. Lakini kijana aliyepanda ngazi zile peke yake, huku akiogopa, Cus alimtazama kwa makini. Aliona kwamba kijana huyo amekwisha kushinda jambo moja hata kabla hajavaa glavu. Kisha alisubiri aone kama atarudi siku ya pili.

Vijana wengi walikuja. Wengi wao walikuwa watoto wa maskini: Waitalia, watu weusi, na watu kutoka kisiwa cha Puerto Rico. Wengine walipoanza kuonyesha uwezo, mameneja wenye fedha walikuja kuwachukua. Cus alibaki na chumba chake, akaanza upya.

4. Hofu na moto

Mameneja wengi walifundisha mikono na miguu. Cus alianza na hofu.

Kila bondia huogopa kabla ya kupanda ulingoni. Magoti hulegea, mdomo hukauka, usingizi hukimbia. Kijana mgeni hufikiri yeye peke yake ndiye mwoga, na mwenzake haogopi. Cus aliwaeleza vijana kwamba jambo hilo si kweli. Shujaa na mwoga wote huona hofu ile ile. Tofauti yao ni kile wanachokifanya wakiwa na hofu hiyo.

Alipenda kuifananisha hofu na moto. Wewe unaufahamu moto. Ukiwa jikoni, katikati ya mafiga, unakupikia ugali na kukupa joto. Ukiuacha utoroke, unaunguza nyumba na shamba la jirani. Moto ni ule ule. Hofu nayo, alifundisha Cus, ukiitawala inakufanya uwe macho na mwepesi. Ikikutawala, inakumaliza.

Mvuvi wa Ukerewe hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Anayetoka usiku kuvua dagaa, kisha upepo ukageuka, huogopa. Yule asiyeogopa ziwa kabisa ni hatari kwa wenzake chomboni, maana hatazami mawingu. Na yule ambaye hofu imemshika mikono hawezi kupiga kasia. Anayefika pwani ni yule anayeogopa na bado anafanya kazi.

Cus alifundisha pia mtindo wake mwenyewe wa kupigana. Bondia aliweka mikono yote miwili juu, karibu na mashavu, viwiko vikikinga mbavu. Alionekana kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Kichwa hakikutulia. Kiliyumba kushoto na kulia ili konde la adui lipite hewani. Baadaye Cus alizungushia magodoro kwenye nguzo, akachora juu yake umbo la mtu, na kila mahali pa kupiga akapaandikia namba. Kijana alisikia namba ikitajwa, akapiga pale pale bila kufikiri. Watu wengine walicheka mtindo huo. Baadaye waliacha kucheka.

5. Kijana asiyejua kusoma

Mwaka 1949 hivi, kijana mmoja wa miaka 14 alipanda ngazi za Gramercy Gym. Jina lake lilikuwa Floyd Patterson. Alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la North Carolina. Wazazi wake, watu weusi maskini wenye watoto wengi, walihamia Brooklyn, New York, kutafuta kazi.

Floyd alikuwa mtoto mwenye aibu nyingi. Hakuweza kumtazama mtu usoni. Shuleni hakuelewa kitu, akawa anatoroka na kujificha mchana kutwa ndani ya kijumba cha vifaa katika njia ya treni ya chini ya ardhi. Alijichukia hata akaikwaruza picha yake mwenyewe. Akaanza kuiba. Alipofika miaka 10 alipelekwa shule ya Wiltwyck, iliyokuwa mbali na jiji, kwa ajili ya watoto wenye matatizo. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika.

Huko alipata mwalimu mvumilivu. Alijifunza kusoma. Hapo kwa mara ya kwanza alitambua kwamba yeye si mjinga. Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unaelewa maana ya siku hiyo. Wazee wetu wa Ukerewe pia wanaikumbuka. Wilaya yao ilikuwa moja ya wilaya 6 zilizochaguliwa mwishoni mwa mwaka 1970 kufuta ujinga kabla ya nyingine.

Cus alimpokea Floyd na kumlea kwa miaka mingi. Hakumharakisha. Mwaka 1952, akiwa na miaka 17 tu, Floyd alipata medali ya dhahabu ya uzito wa kati katika Michezo ya Olimpiki mjini Helsinki. Mwaka ule ule akaanza ndondi za kulipwa. Tarehe 30 Novemba 1956, mjini Chicago, alimwangusha Archie Moore katika raundi ya 5. Akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 21. Mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kulipata taji hilo akiwa mdogo kiasi hicho.

6. Vita dhidi ya ukiritimba

Sasa tufike kwenye jambo kubwa katika maisha ya Cus.

Mwaka 1949 tajiri mmoja aitwaye James Norris na mwenzake walianzisha Klabu ya Kimataifa ya Ndondi. Walishika kumbi kubwa za New York, Chicago na miji mingine. Walishika pia mapambano yaliyoonyeshwa kwenye televisheni. Bondia aliyetaka kupigania taji ilimpasa kwanza atie sahihi kwamba, akishinda, atapigana chini ya klabu hiyo tu. Asiyekubali hakupata pambano. Tangu 1949 mpaka 1953 yalifanyika mapambano 44 ya kugombea ubingwa wa dunia nchini Marekani. Klabu hiyo ilikuwa na mkono katika mapambano 36. Hali kama hiyo, ya mtu mmoja au kundi moja kushika biashara yote, inaitwa ukiritimba.

Nyuma ya klabu walikuwepo wahalifu. Mkubwa wao alikuwa Frankie Carbo. Yeye aliamua kwa siri nani apigane na nani, na wakati mwingine nani ashindwe.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijua maumivu ya namna hiyo. Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi, na bei ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima alinung'unika, lakini hakuwa na pa kwenda. Ndipo wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walipojiunga pamoja. Mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, wakapima na kuuza pamba yao wenyewe.

Cus naye alichoka na mizani ya watu wengine. Pambano la Patterson na Moore liliandaliwa na klabu ya Norris. Lakini taji lilipokwisha kuingia mkononi, Cus alikataa. Bingwa wake hatapigana tena chini ya klabu hiyo. Alitafuta waandaaji wengine katika miji mingine: Seattle, Los Angeles, Indianapolis. Kwa kufanya hivyo aliacha fedha nyingi, na Patterson pia aliziacha.

Cus aliishi kwa tahadhari kubwa. Inasimuliwa kwamba alishona mifuko ya koti lake, ili adui asipate nafasi ya kumwekea dawa za kulevya na kumwitia polisi. Akingoja treni alisimama mbali na reli, asije akasukumwa. Watu wengine walisema amerukwa na akili. Lakini wahalifu wale walikuwa wa kweli.

Serikali ya Marekani nayo iliishitaki klabu ya Norris. Tarehe 12 Januari 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba klabu hiyo ivunjwe. Mwaka 1961 Frankie Carbo alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Ukiritimba ule ukaisha. Cus peke yake hakuuvunja, lakini alikuwa mmoja wa wachache waliothubutu kuukataa mchana kweupe.

7. Makosa ya Cus

Tungeweza kuishia hapo, na Cus angeonekana malaika. Lakini kitabu hiki hakikukusudiwa kukudanganya.

Kwanza, Cus alimlinda Patterson kupita kiasi. Mwaka 1957 alimpiganisha na Pete Rademacher, mtu ambaye hakuwa amepigana pambano hata moja la kulipwa. Watu walilalamika kwamba bingwa anachaguliwa wapinzani dhaifu.

Pili, Cus aliyeupinga ukiritimba alianza kufuata baadhi ya njia zake. Mpinzani aliyetaka kupigana na Patterson alitakiwa akubali meneja aliyechaguliwa na Cus. Ingemar Johansson wa Sweden alipatwa na sharti hilo. Tarehe 26 Juni 1959 Johansson alimwangusha Patterson mara 7 katika raundi ya 3, akachukua taji. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba fedha za wahalifu zilikuwa zimeingia katika maandalizi ya pambano hilo. Mwaka huo huo Cus alinyang'anywa leseni yake ya umeneja katika jimbo la New York.

Patterson alirudiana na Johansson tarehe 20 Juni 1960, akamwangusha katika raundi ya 5. Akawa mtu wa kwanza kupoteza taji la uzito wa juu na kulipata tena. Kisha akataka kupigana na Sonny Liston, mtu mwenye nguvu za kutisha. Cus alimkataza. Safari hii Patterson hakumsikiliza. Aliona haya kuitwa bingwa anayekimbia. Tarehe 25 Septemba 1962 Liston alimwangusha katika raundi ya kwanza. Patterson alitoka mjini usiku akiwa amevaa ndevu za bandia ili watu wasimtambue. Baada ya hapo yeye na Cus waliachana katika kazi.

Je, nani alikuwa na haki? Cus alijua kwamba Liston atashinda. Lakini Patterson alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake. Meneja alimfundisha asitawaliwe na hofu, kisha akataka kumficha. Jambo hilo lijadilini darasani.

8. Fedha

Bondia wa pili wa Cus alikuwa José Torres kutoka Puerto Rico. Alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Alianza kulipwa mwaka 1958, lakini kwa sababu ya ugomvi wa Cus na wakubwa wa ndondi, alingoja karibu miaka 7 kabla ya kupata pambano la ubingwa. Tarehe 30 Machi 1965 alimshinda Willie Pastrano, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi. Tarehe 16 Desemba 1966 taji hilo lilichukuliwa na Mwafrika, Dick Tiger wa Nigeria. Baadaye Torres aliandika vitabu, na mwaka 1984 akawa mkuu wa tume ya ndondi ya jimbo la New York. Ndiyo tume ile ile ambayo zamani ilisimamia leseni ya meneja wake.

Cus hakujua kuweka fedha. Alizigawa kwa mabondia, kwa majirani, kwa watu waliomlilia shida. Mwaka 1971 alitangazwa mufilisi, yaani mtu asiyeweza kulipa madeni yake. Alikuwa na umri wa miaka 63. Mameneja wengine wa wakati wake walikuwa na majumba. Yeye hakuwa na kitu.

Hapa pia pana mafundisho mawili. Ni vizuri kwamba hakutajirika kwa damu ya vijana. Lakini mtu anayesimamia fedha za wenzake hana budi kutunza hesabu, hata kama moyo wake ni mwema.

9. Kijana wa mwisho

Cus alihamia Catskill, mji mdogo kando ya mto Hudson, kaskazini ya New York. Huko aliishi katika nyumba kubwa pamoja na rafiki yake wa miaka mingi, mama mmoja aitwaye Camille Ewald. Akafungua tena chumba cha mazoezi, safari hii juu ya kituo cha polisi. Vijana waliishi katika nyumba ile. Walikula pamoja, wakaosha vyombo, wakafagia, na usiku wakamsikiliza mzee akieleza juu ya hofu.

Mwaka 1980 mfanyakazi wa shule moja ya watoto waliofanya makosa alimleta mvulana wa miaka 13. Alikuwa mnene, mwenye nguvu, na tayari alikuwa amekamatwa na polisi mara nyingi. Jina lake lilikuwa Mike Tyson. Cus alimtazama akifanya mazoezi raundi chache tu, akatambua kwamba amepata bingwa wa dunia. Mama yake Tyson alipofariki, Cus akawa mlezi wake kwa sheria.

Mzee huyo alikuwa na zaidi ya miaka 70. Alijua kwamba muda wake ni mfupi. Akafanya haraka. Tyson alipofanya vibaya shuleni au mitaani, mara nyingi Cus alimsamehe, ingawa vijana wengine walikuwa na masharti makali. Mwalimu kijana aliyekuwa akimsaidia, Teddy Atlas, alikasirishwa na jambo hilo, na mwaka 1982 akaondoka.

Tyson alianza ndondi za kulipwa tarehe 6 Machi 1985. Mwaka huo huo, tarehe 4 Novemba, Cus D'Amato alifariki hospitalini New York kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na miaka 77. Mpaka hapo kijana wake alikuwa ameshinda mapambano 11, yote kwa kuwaangusha wapinzani. Hakuiona siku aliyoingoja. Tarehe 22 Novemba 1986 Tyson alimpiga Trevor Berbick katika raundi ya 2, akawa bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 20. Alivunja rekodi ya umri iliyowekwa mwaka 1956 na Floyd Patterson. Rekodi ya kwanza na iliyoivunja zote zilitoka kwa mwalimu mmoja.

Lakini habari haikuishia kwenye taji. Mwaka 1992 Tyson alifungwa kwa kosa la kubaka, akatoka mwaka 1995. Fedha nyingi mno alizopata zilipotea. Watu wengi wamejiuliza kama mambo yangekuwa tofauti endapo mzee angeishi. Wengine wamejiuliza kama mzee mwenyewe alikosea kwa kumharakisha kijana, akamfundisha kushinda kabla ya kumfundisha kujizuia.

10. Tujifunze nini?

Ndugu msomaji, labda wewe hutavaa glavu hata siku moja. Lakini utatia sahihi mikataba. Utauza samaki, mpunga au machungwa, na mtu mwingine atashika mizani. Utachagua mweka hazina wa chama chenu. Huenda wewe mwenyewe utachaguliwa kuwa mweka hazina. Siku hiyo utakuwa kama meneja: nguvu ni za watu wengine, jasho ni la watu wengine, na kalamu iko mkononi mwako.

Cus D'Amato alikataa kuwauza vijana wake kwa wahalifu, hata alipoahidiwa fedha nyingi. Kwa hilo anastahili kukumbukwa. Mwaka 1995 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Mashujaa wa Ndondi nchini Marekani. Floyd Patterson, mtoto yule aliyejificha chini ya ardhi kwa aibu, aliishi mpaka mwaka 2006. Katika uzee wake naye aliwafundisha vijana ndondi.

Na ukiogopa kusimama mbele ya mkutano kuuliza hesabu za chama, kumbuka habari ya moto. Karani anayesoma hesabu huenda anaogopa kama wewe. Simama, uliza, na uombe kuiona karatasi. Sasa unajua kuisoma.

Maswali ya kujadili darasani

1. Meneja wa bondia hufanya kazi gani? Taja kazi 3.

2. Bondia amelipwa shilingi 1,200. Meneja anachukua theluthi moja, na mwalimu sehemu moja ya kumi. Bondia anabaki na kiasi gani?

3. Ukiritimba ni nini? Je, umewahi kuuona katika biashara ya kijijini kwenu? Watu walifanya nini?

4. Kwa nini Cus aliifananisha hofu na moto? Toa mfano wako mwenyewe kutoka ziwani au shambani.

5. Je, Patterson alifanya vizuri au vibaya kupigana na Liston? Gawanyikeni makundi mawili mjadiliane.

6. Cus alimsamehe Tyson mambo ambayo hakuwasamehe wengine. Mzazi au mlezi akifanya hivyo, nini hutokea nyumbani?

7. Andika barua fupi kwa mweka hazina wa chama chenu, ukimwomba kwa heshima aeleze mapato na matumizi ya mwezi uliopita.